Udongo Uliochemshwa Mara Tatu

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki: humu sijatia chumvi hata punje.

Dada yangu mdogo analima uyoga katika chumba cha kupanga. Trei arobaini, na mwenye nyumba kashasema: asipoona uyoga Ijumaa, chumba anampa fundi viatu. Jumatano tukaingia. Nyuzi nyeupe za kuvu zimetanda kama pamba, uyoga wenyewe hata mmoja. Dada akakaa chini, akajishika kichwa.

Damu ikanichemka. Miaka thelathini nimeosha vyupa vya maabara. Niliyoyasikia humo si haba.

"Mmewaua bakteria!" nikafoka. "Nyinyi watu wa usafi! Zamani, kabla milima haijaota, bakteria alimvamia kuvu amle. Kuvu akamtemea sumu. Wakapigana vizazi kwa vizazi, wagomvi wakamalizana, wakabaki wanaovumiliana. Huyu akala mabaki ya yule, yule akaona kazi imekuwa nyepesi. Wengine wakahamia ndani kabisa, mpaka leo kuna kuvu asiyezaa bila mpangaji wake! Mimi nilimwona mmoja kwa hadubini akimbembeleza mwenzie asihame..."

"Kaka, achana na hadubini."

"Siachani! Uyoga huu unangoja bakteria wa udongo ndipo utoe kichwa. Halafu mjinga gani anachemsha udongo wa kufunikia nyuzi kwenye trei, mara tatu, tena kwa kuni mbichi?"

Dada akainua uso, taratibu.

"Mara tatu?"

"Ndiyo, ma..."

"Mimi niliuacha mbichi uani, nikaenda kumuuguza mama mkwe. Nani kakuhesabia?"

Nikatazama dari. Dari haikunisaidia.

"Nilitaka kukuondolea vijidudu tu..."

"Mtu mzima! Siku tisa nalia, nadhani nimeuziwa mbegu mbovu, nawe unakula kwangu kimya!" Akarusha ndoo, ikanipata gotini. "Nenda kwa mwenye nyumba. Mwambie ni wewe. Kwa mdomo huohuo!"

Nikaenda. Mwenye nyumba alinisikiliza huku akichokonoa meno, akaongeza wiki tatu kwa sharti moja: mtaro wake wa maji machafu, ulioziba tangu mvua, niuzibue mimi, kwa mikono hii.

Basi asubuhi mtaro, jioni nakwangua udongo uliokufa na kutandaza mbichi. Leo nimefika trei ya kumi na saba. Dada hanisemeshi, ananyoosha kidole tu pale nilipokwangua vibaya, nami narudia.