Utulivu wa Mzee Ishengoma

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka thelathini na minne, kwa hiyo nikisema jirani yangu Malimi alikuwa na kelele, sitii chumvi. Waliotia chumvi darasani kwangu nilikuwa nawakata maksi.

Malimi alipanga nyumba inayopakana na yetu, huku Ilemela juu kwenye mawe. Mwenye nyumba anaishi Nansio, ng'ambo ya ziwa, na mtu wa Nansio hasikii kinachotokea Ilemela. Tulidhani amempangisha fundi redio. Kumbe kijana alikuwa anarekodi matangazo ya wachuuzi, yale yanayopigwa kwenye vipaza sauti vya mkononi tangu asubuhi mpaka betri ikate roho. Mchuuzi anafika, anaeleza anauza nini, Malimi anaingia chumba alichotundika magodoro ukutani, anarekodi. Kisha anatoka uani na kulifungulia lile tangazo kwenye spika kubwa ili mteja asikie kama linafika mbali. Lilikuwa linafika. Nyuma ya nyumba zetu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba zote mbili, na kila tangazo lilikwenda kugonga pale likarudi, tukalisikia mara ya pili.

Lililopendwa kuliko yote lilikuwa hili: "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto. Panya wakolofi wote kwisha." Nadhani hakuna muuza dawa ya panya Mwanza nzima ambaye hakupita kwa Malimi. Ukiwasikiliza utadhani jiji hili lina panya kuliko watu.

Mimi ningevumilia. Nimewahi kuwa na darasa la wanafunzi mia na kumi. Lakini mume wangu, Ishengoma, alipata kiharusi mwezi wa pili. Mkono ukarudi, mguu ukarudi kiasi cha kufika barazani, maneno hayakurudi. Na huyu ni mtu aliyeishi kwa mzaha. Siku ya kuleta mahari alimwambia baba yangu kwamba mbuzi mmoja amebaki nyumbani kwa sababu hakuafiki ndoa hii. Ofisini kwao, chama cha ushirika cha kahawa, walikuwa wanamwogopa kwenye vikao kwa sababu mwenyekiti akishaanza kucheka ajenda haziishi. Sasa alikuwa anakaa kwenye kiti chake, ananitazama, mdomo unafunguka, hakitoki kitu. Nilikuwa naingia jikoni kulia, nikitoka nimeshanawa uso.

Daktari aliniambia mzee anahitaji utulivu. Mwalimu akipewa agizo analitekeleza. Jogoo nilimchinja wiki hiyo hiyo. Redio nikaifungia kabatini. Wageni niliwapokea getini kwa kunong'ona, waliotaka kumsalimia walimpungia mkono wakaondoka. Hata mimi mwenyewe niliacha kuzungumza naye, nisimchoshe. Nilimwonyesha kikombe, naye akatikisa kichwa. Nyumba yetu ikawa kama chumba cha mtihani wa taifa. Na katikati ya utulivu huo niliokuwa naulinda kwa meno, panya wakolofi wote kwisha.

Nilikwenda kwa Malimi nikiwa nimepanga hotuba. Nilishindwa na adabu zake. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshanipa shikamoo, ameshafuta kiti kwa kiganja, ameshaagiza soda. Ni kijana wa Kisukuma, kalelewa vizuri, na hakuna kitu kigumu kama kumgombeza mtu aliyelelewa vizuri. Hasira ilinipanda kwa kukosa pa kutokea, na sisi Wahaya tukipandwa na hasira herufi l inatukimbia. Nikasema, "Mgonjwa wangu hajarara wiki nzima." Malimi aliinamisha kichwa kwa huruma, akidhani nimesema habari ya kuraruka, akaniuliza kwa upole mgonjwa ameumia wapi. Nilipomweleza upya, akapunguza sauti. Ilibaki chini kwa muda wa kutosha mimi kufika nyumbani na kuvua viatu.

Mara ya pili niliharibu mwenyewe. Badala ya kudai sauti izimwe, nilimwambia kwamba panya si wakolofi, panya ni wakorofi, na kwamba "wote kwisha" si sentensi. Malimi akafurahi kupita kiasi. Akasema kumbe Mungu amempangisha karibu na mwalimu. Kuanzia siku hiyo alinitumia daftari lenye matangazo yote kabla ya kuyarekodi, na mimi, badala ya kulirudisha kama lilivyokuja, nilichukua kalamu nyekundu. Sijui nifanyeje, nikiona kosa mkono unakwenda wenyewe. Nilisahihisha dagaa, nilisahihisha mitumba, nilisahihisha dawa ya fangasi. Sauti haikupungua hata kidogo, ila sarufi ilinyooka.

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Maige. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema suala langu ni kero ya wananchi na ataliitishia mkutano wa hadhara. Alilitangaza kweli. Keshokutwa yake nilisikia sauti ya Malimi kutoka kwenye spika ile ile, mara moja kutoka uani na mara moja kutoka kwenye jiwe, ikiwaalika wakazi wote kuja kujadili tatizo la kelele katika mtaa wetu. Ilirudiwa siku tatu. Mkutanoni Bwana Maige alimshukuru Malimi kwa kazi nzuri ya kuhamasisha.

Ndipo nikamwandikia mwenye nyumba. Ile barua, niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Nilieleza hali ya mume wangu, nikaomba hatua zichukuliwe bila kuchelewa. Zilichukuliwa. Malimi alipewa notisi ya mwezi mmoja, na mimi nikaanza kuhesabu siku kwenye kalenda kama mtoto anayengoja likizo.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, niko barazani namenya ndizi, mume wangu yuko kwenye kiti chake. Ng'ambo ya ukuta Malimi alikuwa anampimia mteja tangazo lake. "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya," likasema spika, umeme ukakatika.

"Kunguni," akasema mume wangu.

Nilijikata kidole. Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama kwa mshangao, kana kwamba ni mimi niliyesema. Miezi minane sikuwa nimesikia sauti yake, na neno la kwanza kunirudishia lilikuwa kunguni. Nilipiga magoti mbele yake na maganda ya ndizi mapajani, nikasema taratibu, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya. Akasema kunguni. Nikasema dawa ya. Akasema viroboto. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia mdudu namna hiyo.

Kisha niliona aibu, na aibu hiyo bado ninayo. Kila aliyesoma kwa mwalimu wa nchi hii anajua tunavyofundisha. Mwalimu anaanza neno, darasa linalimalizia. Mji mkuu wetu ni Dodo? Ma! Nimewafundisha watoto wa watu kwa namna hiyo miaka thelathini na minne, sauti ikanikauka. Mume wangu nyumbani nikamfundisha kwa ukimya. Aliyekuwa anamwanzishia maneno kila siku, mara mia, pamoja na jiwe la kumrudishia, alikuwa Malimi, na mimi nilikuwa nimemfukuza.

Daktari nilipompelekea habari alifurahi kidogo tu. Alisema yale ni mazoea, mdomo unakumbuka wimbo kama kasuku, tuendelee lakini nisijipe moyo sana. Mzee atakuwa amesema, alinieleza, siku atakapotoa neno ambalo hakuna aliyemwanzishia, neno alilolichagua mwenyewe.

Nikampigia simu mwenye nyumba nikimwomba amwache kijana abaki. Alidhani nimechanganyikiwa. Alisema nyumba imeshapata mpangaji mwingine, mama Teodora, nesi mstaafu kutoka Sengerema, aliyeuliza jambo moja tu, kama mtaa una utulivu. Alikuwa amemsomea barua yangu, na huyo mama akasema palipo na jirani kama huyo ndipo anapotaka kuishi.

Siku ya mwisho nilimkuta Malimi anafunga magodoro kwa kamba. Nilimwambia kwamba barua iliyomwondoa niliiandika mimi.

"Nilijua, mwalimu," akasema. "Haikuwa na kosa hata moja."

Sikuwa na hotuba. Nilimweleza habari ya kunguni yote, nikamwomba anisamehe. Akaanza kufungua zile kamba. Akayatundika magodoro upya ukutani, akaniweka mbele ya kipaza sauti, akanifundisha umbali wa kusimama na jinsi ya kutolipulizia neno. Nilirekodi kama vile niko darasa la kwanza. Mimi ni mtoto wa Kage. Asubuhi nakunywa cha. Ndizi zimepikwa na mahara. Mke wangu anaitwa Bernade. Kila baada ya sentensi Malimi aliacha nafasi ya mtu kujibu. Alisisitiza dawa ya panya iwe ya kwanza, kwa kuwa mzee ameshaizoea. Akaniachia na spika moja, akasema ni zawadi kwa mteja wa kwanza ambaye hauzi kitu. Alihamia Buhongwa, na sijawahi kumsikitikia mpangaji aliyehama kama nilivyomsikitikia huyo.

Kuanzia hapo mchana kutwa ilikuwa ni sisi. Kwa sauti ndogo mume wangu hakujibu; alizoea kusikia maneno yakienda kwenye jiwe na kurudi, basi nikayapandisha yafike kwenye jiwe. Kage, ra. Cha, i. Mahara, gwe. Bernade, ta. Ndani ya wiki sita alimalizia yote. Nilisubiri atoe lake mwenyewe, hakutoa. Nikizima spika, anazimika nayo. Wakati mwingine usiku nilijiuliza kama nimemfanya mume wangu kuwa mmoja wa vipaza sauti vya Malimi, na swali hilo liliniumiza kuliko ule ukimya wa mwanzo.

Mama Teodora alivumilia wiki hizo sita. Kisha asubuhi moja akaja na Bwana Maige, na Bwana Maige alikuwa amebeba daftari la malalamiko. Niliwakaribisha barazani, alipokaa mume wangu na spika yake. Sikuizima, kwa sababu somo lilikuwa linaendelea. Mama Teodora alizungumza kistaarabu, kwa maneno ambayo mengine niliyatambua, kwa kuwa yalikuwa yametoka kwenye barua yangu. Alisema amehamia hapa kwa ajili ya utulivu. Alisema amehudumia wagonjwa maisha yake yote na hajawahi kuona mgonjwa anayetibiwa kwa tangazo la panya. Bwana Maige alitikisa kichwa kwa kila sentensi, kama alivyowahi kunitikisia mimi.

"Mke wangu anaitwa Bernade," ikasema sauti yangu kutoka kwenye spika. Jiwe likarudia.

Mume wangu hakujibu. Nilidhani amewaonea haya wageni. Alimtazama mama Teodora, akamtazama Bwana Maige na daftari lake, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nilifungua mdomo nimsaidie ile silabi ya mwisho. Akainua mkono wake mzima, kama mwanafunzi anayetaka kujibu darasani, akaninyamazisha. Mdomo wake ulihangaika upande mmoja, midomo ikakutana, ikaachana.

"Kelele," akasema.

Halafu ule upande wa uso wake uliokuwa unafanya kazi ukacheka.

Hakuna aliyemwanzishia. Halikuwa kwenye rekodi, wala sikuwahi kumfundisha mtu kulimalizia neno namna hiyo. Nililia mbele za watu, tena kwa sauti, na sikukimbilia jikoni. Mama Teodora, nesi wa miaka mingi, alishaelewa alichokiona. Alivuta kiti akakaa karibu na mgonjwa. Bwana Maige peke yake ndiye hakuelewa. Alisubiri nimalize, akafungua daftari, akaniuliza kwa heshima zote kwenye nafasi ya mlalamikiwa aandike jina gani. Nikamwambia aandike hilo alilotajiwa na mume wangu.