Ampea za Saruji

Mzee Mbaruku hakuwa na cheti, hakuwa na gari lenye jina ubavuni, hakuwa na simu janja, wala hakuwa na subira na wajinga. Alichokuwa nacho ni bisibisi, na hesabu aliyoisoma madarasa ya usiku alipokuwa kibarua kwenye karakana za mtaa wa Gerezani.

Siku tatu kabla ya harusi ya mjukuu wake Najma, aliingia kwenye ukumbi wa Heriel, nyuma ya soko la Mchikichini. Upande wa bwana harusi ndio waliouchagua, wamependa ukanda wa taa ambao kila punje hubadili rangi kivyake. Ukanda ulikuwa umeshashonewa kwenye mapazia ya jukwaa, pale pale atakapoketi Najma.

"Shikamoo mzee," alisema Bryson, fundi wa taa aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Marahaba. Taa ngapi hizo?"

"Mia sita."

"Zikiwaka nyeupe zote zinakula ampea thelathini na sita. Pawa saplai yako inatoa ngapi?"

Bryson alicheka. "Mzee bwana! Shika mwenyewe." Akampa pawa saplai yenyewe, boksi la bati. "Kariakoo tunachagua kwa mkono. Nzito ndiyo orijino. Nilinyanyua kumi, hii ikazishinda zote."

"Hongera. Ungefaa kununua maboga."

Lebo ilidai ampea sitini. Nyaya zilikuwa nyembamba kama za spika ya redio; kwa mzigo ule zingechemka hadi kuunguza mapazia. Mbaruku akafungua skrubu nne. Ndani mlikuwa na sakiti isiyojaza kiganja, na chini yake saruji iliyomwagwa ikakauka.

"Nataka ya ampea arobaini na tano za kweli, ibaki na akiba, pamoja na nyaya nene na fyuzi," alisema Mbaruku.

Heriel, mwenye ukumbi, akakohoa. "Ni jioni moja tu, mzee wangu. Halafu wewe hata cheti huna."

"Saruji ndiyo inacho?"

Mbaruku akabandua kipande kwa bisibisi; Bryson akafunika boksi, akalirudisha mahali pake. Mbaruku akaondoka na kipande cha saruji mfukoni, maana wakwe nao wangemwuliza cheti.

Nyumbani aliwaandikia wazee wa bwana harusi:

"Najma hatakaa mbele ya mapazia yale. Tulidai pawa saplai ya ampea arobaini na tano za kweli, nyaya nene na fyuzi. Wametupa hiki kilichomo humu. Kipimeni kwa mkono, kama wanavyopima wao. Harusi itafanyika uani kwetu."

Akatia kipande ndani ya bahasha, akailamba gundi, akaibana kwa kidole gumba, akamkabidhi mshenga.