Kompyuta Iliyovaa Buibui

Usiku wa jana niliota kompyuta yangu imevaa buibui, na aliyekuwa akihangaika kuivua ni Shaame, fundi wa pale Chake Chake.

Mchana wake ndivyo ilivyokuwa, ila bila buibui. Nikiwasha, taa inawaka, feni inavuma, kioo cheusi tii. Shaame alikaa nayo kutwa nzima, akanirudishia vile vile. Mimi napiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Wananikubali kwa kuwa ni mwenzao, na sharti lao ni moja: sherehe yao haitazamwi na mwanamume. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na harusi ya Raya, na ndani ya harusi mlikuwa na bibi yake, Bi. Kazija, anacheza. Bi. Kazija maisha yake yote alikimbia kamera. Siku ile alikubali, na kabla mwezi haujaandama akafariki. Kamera nilishaifuta kwa ajili ya harusi nyingine. Raya alikuwa anasafiri leo kwenda kwa mumewe Mombasa, na alitaka aondoke na bibi yake. Nililala roho juu.

"Dada Mize, hili jambo dogo," Shaame ananiambia ndotoni. Mafundi wote husema hivyo. "Kamata kitufe cha kuwashia, usikiachie mpaka izime."

Nakikamata. Kitufe kinanitazama.

"Unaniumiza," kinasema.

"Nimeambiwa nisikuachie mpaka uzime."

"Mimi nimezima tangu jana. Unayemtafuta si mimi."

Namwambia Shaame kitufe kimekataa. Hashangai hata kidogo. Anaifungua kompyuta kwa chini, anachomoa memori, ile kumbukumbu yake, kibao chembamba cha kijani, na kunipa raba ya kufutia penseli, ya pinki. "Isugue. Mara nyingi huwa ni uchafu tu."

Nasugua. Nasahau nimelala upande gani wa kitanda. Nasugua tena, nasahau jina la mtaa wetu. Vumbi la raba linaanguka mapajani na mimi nimeshika kasi, kama mtu anayekuna upele.

"Taratibu," anasema Shaame. "Usije ukasahau kutembea."

"Kwani humu tunamtafuta nani?" namuuliza.

"Hata mimi nilikuwa nakutegemea wewe."

Hapo nikaogopa kweli. Nikaitupa raba. Jina likarudi polepole, kwanza Ka, kisha Kazija, nikaling'ang'ania nisilipoteze tena.

"Basi tuijaribu kwenye kioo kingine," anasema. Anaweka televisheni kwapani, na nikigeuka karakana haipo. Tuko nyumbani kwa kina Raya, siku ya harusi, ua wa wanaume, chini ya turubai. Wanaume wanakula pilau na hakuna anayetuuliza kitu. Mmoja anasogeza sinia ili televisheni ipate pa kukaa.

Televisheni nayo nyeusi.

"Na wewe umeharibika?" naiuliza.

"Mimi mzima wa afya," inajibu. "Nimeambiwa nifumbe macho."

"Na nani?"

"Na wenye shughuli yao."

Naweka sikio kwenye buibui la kompyuta. Ndani ngoma inalia, na vigelegele. Wamo. Nafurahi. Nabisha: "Hodi."

"Nani?" Ni sauti ya Bi. Kazija, kavu, ile ile.

"Mimi Mize, bibi. Mpiga video."

"Uko na nani?"

"Na fundi."

"Fundi gani?"

"Shaame."

Ngoma inakatika.

"We Mize," anasema taratibu, "akili zako ziko sawa? Sisi tumo kichwa wazi humu, kanga tumezifunga viunoni, unatuletea Shaame na bisibisi yake aje atufunue? Haya, na hao ninaowasikia wanatafuna pilau ni kina nani?"

Nageuka kumtazama Shaame.

"Mimi sijaona kitu, bibi," anasema Shaame.

"Hujaona kwa kuwa tumejistiri. Toka."

Shaame anatoka. Tatizo ni kwamba kila akitoka mlango huu anaingia mlango ule, na turubai halina milango. Anaingia kabeba viatu mkononi, anaomba radhi, anatoka tena. Wanaume wanamfuata na masinia yao, mstari mmoja, wananizunguka, na mimi naona kunakucha, Raya yuko mlangoni na sina cha kumpa. Nalia kwa hasira. Nawaambia wafumbe macho basi, kama hawana njia ya kutoka. Wanafumba, na wakishafumba hawapo.

"Enhe," anasema Bi. Kazija. "Raya yuko wapi?"

"Anasafiri leo, bibi. Anakutaka."

"Aje mwenyewe. Na wewe funga dirisha." Akaongeza: "Halafu, nani huyo aliyekuwa akinisugua kichwani muda wote ule?"

Nikaamka kabla sijajibu.

Kumekucha. Kompyuta iko mezani, nikaiwasha: taa inawaka, kioo cheusi. Mume wangu Hemedi amekaa pembeni yake anakunywa chai.

"Toka," nikamwambia.

"Nimekosa nini?"

"Toka tu, baba. Nenda na kikombe chako."

Raya alikuja na begi lake. Nilimvuta ndani, nikafunga mlango, nikafunga dirisha, na nikaona haya kwa ninachokifanya, mtu mzima kama mimi. Nikaizima, nikaiwasha upya. Kioo kikapepesa, kikawaka. Bi. Kazija huyo, kichwa wazi, mkono kiunoni, anacheza. Raya alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

"Bibi," alisema, akaanza kulia, na mimi nikalia naye.

Kipande kile nimekipiga mwenyewe na nimekitazama mara nyingi. Anacheza, anacheka, anageuka. Hakuna mahali anaposimama. Lakini leo alisimama, akaitazama kamera kwa jicho baya, akaanza kujipangusa nywele. Vipande vidogo vya pinki vikamdondokea mabegani.

"Anapangusa nini?" Raya akauliza.

"Uchafu tu," nikamwambia, na mikono yangu nikaificha chini ya kanga.