Diski Haikufa

Baba mkwe aliibeba ile kompyuta kama mtu anayemleta mgonjwa hospitali. Aliiweka juu ya meza yangu ya ufundi, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Imezimika yenyewe, mwanangu. Na kazi yangu yote imo humo."

Kazi yenyewe ilikuwa kamusi ya lugha ya mama yake. Tangu astaafu ualimu, miaka kumi na mmoja, alikuwa akiwazungukia wazee na kuandika neno mojamoja. Wengi wao walishafariki. Niliwahi kumwambia anakili kazi yake na kwingine. Alicheka, akasema mchwa hawali kompyuta.

Nikaifungua. Mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha kila kitu, ilikuwa imeungua mahali padogo tu, karibu na tundu la umeme. Fundi mvumilivu angepabandua akachomelea kifaa kipya. Mimi nilikuwa na mazabodi nyingine kabatini, nikaona ya nini kujichosha. Nikabadilisha. Ile ya zamani nikampa mnunuzi wa chakavu aliyekuwa akipita, pamoja na takataka za wiki nzima.

Kompyuta ikawaka, lakini diski haikuonekana. Nikachomoa waya, nikausafisha, nikauchomeka tena, wapi. Nikauhamishia tundu jingine, wapi. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba mazabodi mpya ilipangwa kusoma diski kwa njia tofauti na ile ya kwanza. Nikabadilisha mpangilio. Jina la diski likatokea, nikashusha pumzi. Kisha skrini ikaniomba ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

Diski ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake ulihifadhiwa ndani ya mazabodi niliyoitoa. Mambo hayo nayajua. Ni kazi yangu kuyajua. Nikampigia mzee simu kumuuliza kama aliwahi kupewa namba ndefu. Akakumbuka kwamba kitu kama hicho kilitumwa kwenye barua pepe ya shuleni, ambayo ilishafungwa siku nyingi.

Nikamkimbilia mnunuzi wa chakavu.

"Gari limeshaondoka na mzigo," alisema. "Kwani kulikuwa na dhahabu?"

Alasiri mzee alikuja na binti yake, mke wangu. Nilikuwa nimejipanga kusema kweli. Mdomo ukasema vingine.

"Diski imekufa, Baba."

Akanishika bega. "Usijilaumu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Umejitahidi, mwanangu."

Mke wangu hakuwa akimtazama baba yake. Alikuwa akisoma skrini, ambayo sikuizima. Alisubiri mpaka mzee akatoka.

"Mfu haombi ufunguo," akasema.

"Nitamwambia kesho."

"Haya."

Kesho hiyo nilikwenda kweli. Nilimkuta mzee ameinamia daftari jipya, ameanza upya na yale aliyoyakumbuka. Alikuwa na jirani yake. "Huyu ndiye mkwe wangu," alimwambia, "alihangaika na ile mashine kama ya baba yake mzazi." Nikameza maneno yangu, nikasalimia, nikaondoka.

Miezi minane imepita. Mke wangu hajaniuliza tena. Wiki jana simu yake iliacha kuchaji, naye akaipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili.