Majina ya Waliofukiwa Majunga

Djouhara hakwenda kwenye mhadhara kwa kiu ya elimu. Jirani yake wa mtaa wa Badjanani mjini Moroni, Saoudat, ndiye aliyemshika mkono akamwambia kwamba miaka minne ya kujifungia na cherehani yamtosha. Djouhara alikuwa mmoja wa wale walioitwa Sabena, kwa jina la ndege zilizowarudisha kisiwani Ngazija kutoka Majunga, Madagaska, mwanzoni mwa 1977, baada ya mauaji ya Wakomoro huko. Yeye alirudi, mumewe Bacar, seremala, hakurudi. Hakuoshwa, hakuvikwa sanda. Djouhara alisikia tu kwamba alifukiwa na wengine wengi, mahali asipopajua mtu.

Mhadhiri alikuwa Mroivili, mwalimu wa historia kutoka Mutsamudu, aliyemaliza likizo zake zote akifukua mahame ya kisiwa chake cha Nzwani. Mwaka ule alipewa ukumbi Moroni, kila Jumatano alasiri. Watu waliicheka lafudhi yake ya Kinzwani, kisha wakaacha kucheka, maana alikuwa akiwapitishia mikononi vigae vya vyungu na shanga, akiwaambia wenye vitu hivyo waliishi visiwani humu kabla hajatajwa sultani yeyote. Akafika kwenye makaburi. Alisema ardhi ikichimbwa mara moja hairudi kuwa ile. Hata ipite miaka mia tisa, mjuzi ataiona kwa rangi ya udongo.

Djouhara alijikuta amesimama.

"Fundi," alisema, kama visiwani wanavyomwita mwalimu, "na waliotupwa shimo moja, bila sanda, nao wanajulikana?"

Mroivili aliweka chini kigae alichokishika.

"Wanajulikana, dada yangu. Mifupa husema kama mtu alilazwa au alitupwa. Jina tu ndilo mifupa haisemi. Jina sharti walitunze walio hai."

Baada ya mhadhara alimwita, akafungua daftari, akaandika: Bacar, seremala, alionekana mara ya mwisho karibu na soko. Hakumwahidi kitu. Alisema tu kwamba siku ikija ya kuchimba, atakayechimba atahitaji kujua anamtafuta nani.

Djouhara alizunguka wiki nzima nyumba kwa nyumba, hadi kijiji cha Vouvouni, akiwaambia Sabena wenzake. Jumatano iliyofuata walikuja tisa. Ya tatu ukumbi ulijaa, na daftari lilikuwa na majina arubaini na mawili. Siku hiyo mzungu mwenye sare nyeusi, mmoja wa mamluki waliokuwa wakiilinda serikali, alisimama mlangoni mikono kifuani, akasikiliza hadi mwisho. Watu walipotawanyika alimuuliza Mroivili nani aliyemruhusu kuandikisha watu. Akamchukua hadi kambi yao ya kijeshi, na daftari pia.

Mihadhara ilikoma. Baada ya majuma matatu zilikuja habari kwamba mwalimu ametolewa kambini na kurudishwa Mutsamudu, asizungumze tena hadharani. Djouhara hakuweza kula. Alijiona yeye ndiye aliyempeleka kambini kwa miguu yake mwenyewe. Aliuza khanga zake mbili, akapanda meli.

Alipouliza nyumba katika vichochoro vya Mutsamudu, watu walimwonyesha kwa kidevu. Dada yake mwalimu, Zoubeida, alimfungulia, akamtahadharisha asimshike mkono. Mroivili alikuwa ameketi barazani ndani, vidole vya mkono wa kulia vimevimba na kupinda. Djouhara alipiga magoti, akaomba radhi.

"Simama," alisema Mroivili. "Wewe ulileta jina la mumeo. Kuna kosa gani?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Daftari walilichoma mbele yangu. Mimi nilitegemea karatasi, dada. Majina sikuyahifadhi kichwani."

Djouhara hakujua kusoma Kifaransa, lakini katika chuo cha Kurani alifundishwa herufi za Kiarabu. Aliomba karatasi. Siku mbili alikaa pale akiandika, jina moja moja, kila alilolikumbuka kutoka nyumba alizopita, naye Mroivili akiongeza machache yaliyomjia. Walifika ishirini na tisa, wakakwama. Mwalimu alifumba macho, akatingisha kichwa, machozi yakamtoka, na Zoubeida akasema basi, inatosha.

Moroni, Djouhara alirudi kwenye zile nyumba kuyatafuta kumi na matatu yaliyobaki. Milango aliyofunguliwa kwa chai sasa ilifunguliwa nusu. Mjane mmoja alimwambia ana wana watatu hai na hataki kuwapoteza kwa ajili ya marehemu. Saoudat mwenyewe aliacha kumpitia asubuhi. Alipata manne tu.

Mwalimu Mroivili hakuufungua mdomo tena mbele ya hadhara. Alifariki kabla ya masika ya mwaka wa pili, na vigae vyake Zoubeida alivigawia majirani, maana hakujua avifanyie nini. Habari zilimfikia Djouhara siku ya tano, kwa mtu aliyeshuka melini.

Alifanya khitima chumbani kwake. Walikuja wanawake wanne, wakaketi mkekani karibu karibu, dirisha limefungwa. Djouhara alisoma majina thelathini na matatu, akaongeza la Mroivili. Akatafuta namna ya kuwaombea wale tisa ambao majina yao hakuyapata, kisha akainua mikono, na wenzake wakaitikia amina.