Kiwanja cha Njia ya Kisongo

Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipopita nchini kwa Waarusha, zizi la baba yake Simel lilibaki majani matupu. Simel akafikia ujana bila hata ndama wa kumpigia mluzi. Wajerumani walipoanza kujenga boma lao, akachukuliwa na wenzake kubeba mawe na kuchoma chokaa. Wenzake waliilaani kazi ile, naye aliilaani pia, lakini macho yake hayakulala. Aliona misafara ikiingia kutoka Moshi na Kondoa, watu wamechoka, wamelowa mvua, wakiulizana watalala wapi.

Boma lilipokwisha, alimwendea mzee mmoja mwenye shamba kando ya mto Themi, akampa asali, akamegewa kipande cha ardhi ya mawe kisichootesha hata maharage. Hapo akasimamisha nyumba ya vyumba viwili. Kimoja akalala mwenyewe, kingine akampangisha fundi cherehani kutoka Pangani. Kodi ya kwanza hakuila. Alinunua miti, akaongeza chumba, na chumba kile kikazaa kingine, hata nyumba ikazaa nyumba.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni Nosim, binti wa mzee Koikai, aliyepita hapo asubuhi akipeleka maziwa sokoni. Walijuana tangu utotoni. Akifika mlangoni pa Simel, mwendo wake ulipungua.

"Nyumba zimekuwa ngapi?"

"Tatu."

"Ongeza moja, kisha uje kwa baba."

Akaongeza, akaenda. Aliinamisha kichwa kwa salamu, mzee Koikai akakigusa kwa kiganja, akamkalisha kigodani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe wako wanalala wapi?" mzee akauliza.

"Sina ng'ombe, baba. Lakini nyumba zangu hukamuliwa kila mwezi, kiangazi na masika."

Mzee alitabasamu, na halikuwa tabasamu la dharau. Ilikuwa huruma, nayo ndiyo iliyomchoma Simel zaidi.

"Mwanangu, nyumba haiswagwi ikapelekwa kwa wakwe. Na siku wageni hao wakiondoka, utampangisha nani? Fisi?"

Mwaka ule ule Nosim akaozwa Kisongo, kwa mtu mwenye zizi lililojaa. Siku ya kuondoka, hakupitishwa njia ya mtoni.

Simel hakuoa. Alijenga. Reli ilipofika Moshi, watu wakamiminika Arusha kama siafu, na waliomcheka kwa kulima mawe wakaja kumbembeleza awape chumba. Wakamwita Baba Nyumba. Jioni wapangaji walipokoka moto, na watoto wao wakabembelezwa nyuma ya kuta zake, yeye aliketi mlangoni peke yake, akisikiliza maisha ya watu.

Kisha ndigana, homa ya ng'ombe, ikashuka Kisongo. Siku moja mtu na mkewe walisimama uani kwake. Mwanamume alikuwa amekonda. Ng'ombe wake wamekwisha, anatafuta kibarua mjini. Mwanamke nyuma yake alikuwa Nosim.

"Ingieni," Simel alisema. "Mambo ya kodi tutaongea siku nyingine."

Mwezi ulipokwisha, Nosim alimjia na rupia mkononi.

"Pokea."

"Kutoka kwako, Nosim?"

"Ukinisamehe kodi, sitakuwa mpangaji wako. Nitakuwa nani?"

Simel alinyoosha mkono. Akapokea, na miezi yote iliyofuata akapokea. Alijifunza kuutambua mlio wa ufagio wake kati ya fagio zote za uani. Alimsikia akicheka na mumewe ng'ambo ya ukuta, naye akawa anaondoka kwenda kukagua matofali ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

Mume yule hakuwa mvivu. Alidunduliza hadi akapata mitamba wachache, na mvua ziliporejea akataka kurudi kwao. Kabla ya kuondoka, Nosim alikandika upya chumba kizima, kama afanyavyo mama kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Mvua ikigoma tena," Simel alianza, "chumba hiki..."

"Usiniwekee," Nosim alimkatiza. "Nyumba isiyo na mtu huanguka." Akamtazama kidogo, kisha akaharakisha kumfuata mumewe.

Simel alitii. Juma lile lile chumba kikaingia muuza chumvi. Lakini tangu hapo alianza kutembea upande wa magharibi, mpaka mji ulipokwisha na njia ya Kisongo ikaanza. Huko akanunua kiwanja porini.

"Huku atakuja nani?" fundi wake wa Pangani akamwuliza.

"Tujenge tu."

Vyumba vile vilikaa vitupu muda mrefu, yeye mwenyewe akivifagia. Baadaye magari ya maksai yakaanza kupita njia ile, wafanyabiashara wakafuata, na vikajaa vyote. Mji mzima ukamsifu: Simel anaona mbali! Hakuwakanusha. Ila kila siku ya soko, wanawake wa Kisongo walipochomoza vumbini na vibuyu vyao vya maziwa, alitoka mlangoni, akakinga jua kwa mkono, akawaangalia mmoja mmoja mpaka wa mwisho apite.