Miguu Ilibaki Lunga Lunga

Jumatatu asubuhi, kabla ya mkutano, Subira aliipangusa seva vumbi kwa kipande cha leso kuukuu, kama alivyofanya kila siku tangu ahamishiwe Lunga Lunga. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyomtaka awe pale kwa mwili wake. Yeye alikuwa msimamizi wa kompyuta zote za Ushirika wa Mwani, na kazi zake nyingine alizifanya kwa mtandao: kuwafungulia waliosahau nywila, kusukuma masasisho kwenye matawi, kumweleza Seifu wa Shimoni kwa mara nyingine kwamba printa haina pepo, haina wino. Kazi hizo angeweza kuzifanya mahali popote, hata barazani kwa mamake Gazi. Lakini seva hutaka baridi, na kiyoyozi kizima cha pekee katika ushirika kilikuwa kwenye chumba hiki cha Lunga Lunga, ambacho zamani kilikuwa duka la dawa. Basi seva ikafuata kiyoyozi, na Subira akaifuata seva.

Mwanawe Nusra, mwenye miezi saba na jino moja, alibaki Gazi kwa bibi yake. Baba mtu alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo na hurudi anaporudi. Bwana Ngala, meneja, aliagiza Subira awepo alfajiri seva inapoamka na awepo baada ya isha inapotengeneza nakala za akiba, ijapokuwa seva iliamka yenyewe na kujitengenezea nakala bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo Subira alipanga chumba nyuma ya stendi ya malori, akawa anakwenda kwao Ijumaa baada ya swala na kurudi Jumamosi magharibi. Aliomba uhamisho mara kadhaa. Bwana Ngala alimjibu kwa upole kila mara kwamba mwenye seva hukaa na seva. Wakati huo maziwa yalimjaa kifuani mpaka yakamuuma, hasa kwenye mikutano, maana mamake, Bi Tumu, ndiye aliyekuwa mpishi wa chai katika tawi la Gazi, na kilio cha Nusra kilisikika nyuma ya ajenda zote.

Usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo programu ya mikutano ilikuwa imejisasisha. Maelezo ya watengenezaji yalikuwa mafupi: wameboresha mambo ya kufanya kazi pamoja. Subira aliyasoma, akaona hayana neno, akaiwasha kompyuta yake.

Watu wa ushirika ule walikuwa na desturi moja ambayo watengenezaji wa programu hawakuijua. Hakuna aliyeingia mkutanoni bila hodi. Mtandao ni mtandao, lakini kumtokea mtu usoni akiwa ameketi ofisini kwake bila kubisha ni utovu wa adabu, na mamake mtu akisikia itakuwa aibu. Aliyeingia alisema hodi, na aliyekuwemo alijibu karibu, kisha ndipo wakaulizana hali.

"Hodi, wenyewe!" alisema Seifu kutoka Shimoni. Mkononi alikuwa na sahani ya pweza wa kukaanga.

"Karibu, pita," alijibu Esha, mtunza hazina, kutoka makao makuu Ukunda. "Na hiyo sahani vipi? Umekuja kututia njaa?"

"Karibu pweza, dada Esha," alisema Seifu, akaisogeza sahani kwenye kamera kama mtu muungwana anavyokaribisha chakula hata anapojua hakifiki.

Esha alinyoosha mkono, akachukua kipande, akala.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Ni mkono wa mke wangu, usimseme," alijibu Seifu, naye akaiangalia sahani yake kuhakikisha vimebaki vipande vingapi.

Bwana Ngala aliwaambia wawe makini, ajenda ni ndefu. Kisha naye akapeleka mkono kuelekea sahani ya Seifu, na kucha zake zikagonga kioo, ko. Bwana Ngala alikuwa mwenyeji wa huku huku, amelelewa vizuri, lakini tangu apewe cheo alizoea kuingia kila chumba bila kubisha. Dirisha halikumfungukia. Aliurudisha mkono akasema ameshakunywa chai nyumbani.

Upande wa Gazi, kwenye runinga kubwa ambayo mfadhili mmoja aliwaachia, Nusra alianza kulia. Bi Tumu alimbeba akamleta mbele ya kamera ili amwone mamake anyamaze, jambo ambalo siku zote lilimzidishia kilio.

"Hodi, mama," alisema Subira.

"Karibu, mwanangu. Shika mtoto, mimi nina sufuria jikoni."

Ila watu wote walipokuwa mkutanoni, kila mmoja alikuwa na kidirisha cha ukubwa wa kisahani cha chai. Mkono wa Subira ulipita hadi kwenye kiwiko. Aliushika mguu wa Nusra, ukawa wa moto na wa kweli, na mtoto akautambua mkono ule akaacha kulia papo hapo, akaanza kuutafuta kwa mdomo.

"Jamani," alisema Subira, "tokeni kidogo mtoto apite."

Walitoka. Seifu alitoka na sahani yake. Esha alitoka akiwa bado anatafuna. Kila aliyetoka, dirisha la Gazi lilipanuka, mpaka akabaki Bwana Ngala kwenye pembe moja, ameshika kalamu.

"Meneja, na wewe," alisema Bi Tumu. "Mtoto ana njaa."

Bwana Ngala alisema mkutano unaahirishwa kwa muda mfupi, akatoka. Dirisha likajaa kioo chote cha kompyuta ya Subira, na Nusra akapita kwa kichwa, akafuata mabega, kisha ile suruali ya maua, akatua kwenye mapaja ya mamake akinuka moshi wa jikoni na mafuta ya nazi. Subira alifunga mlango, akamnyonyesha. Alilia, na hakujizuia, kwa maana ilikuwa furaha na hapakuwa na wa kumuuliza.

Tangu siku hiyo Nusra aliingia kazini asubuhi na kutoka alasiri. Mzee Matano, askari wa mlangoni, alimfungia bembea ya shuka kati ya nondo za dirisha, mahali ambapo baridi ya kiyoyozi haikufika. Kwa kuwa Lunga Lunga ni mji wa mpaka, maafisa wa mpakani walikuja kuuliza kama kuna mtoto anayevushwa. Walipoelezwa kwamba ametoka Gazi na atarudi Gazi, walimchezesha kidogo wakaenda zao. Mikutano ya Jumatatu ilibadilika. Seifu alileta samaki, Esha akaleta viazi karai vya Ukunda na ukwaju wake, Bi Tumu akapitisha mahamri ya moto, na mtu akisema hodi huulizwa kwanza amebeba nini. Kazi pia zilifanyika. Muhuri uliokuwa ukisubiriwa siku nyingi ulipita kwa dakika moja, na Subira aliibadilisha wino printa ya Shimoni kwa mkono wake mwenyewe huku Seifu akimwombea dua. Mkutanoni Bwana Ngala pekee ndiye aliyeendelea kula peke yake. Mara nyingine Esha alimhurumia, akafungua mdomo kumwambia, akakumbuka kwamba mtu mzima hafundishwi hodi, akaufunga.

Halafu ikaja taarifa. Watengenezaji wa programu walitangaza sasisho jipya: limerekebisha kasoro ndogo, ambayo katika baadhi ya maeneo iliruhusu vitu kupita. Uamuzi wa lini sasisho liingie kwenye kompyuta za ushirika ulikuwa wa msimamizi, na msimamizi alikuwa Subira. Kioo kilimpa vitufe viwili: Sakinisha Sasa, na Nikumbushe Kesho.

Subira alisema bismillahi, akabonyeza Nikumbushe Kesho. Kesho yake ikamkumbusha, naye akabonyeza tena. Ikawa ni jambo la kila asubuhi, baada ya kuipangusa seva na kabla ya kumpokea mtoto.

Aliomba uhamisho tena. Alieleza kwamba anashukuru dirisha lipo, lakini usiku mtoto hulala Gazi na yeye hulala Lunga Lunga, na kwamba kiyoyozi kipya kingewekwa Gazi mambo yangekwisha. Bwana Ngala alifurahi sana kusikia kwamba dirisha linamfaa. Alijibu kwamba sasa suala la mtoto limepata ufumbuzi, hivyo ombi limefungwa.

"Amelifunga?" aliuliza Bi Tumu jioni hiyo, akimpokea mjukuu.

"Amelifunga, mama."

"Huyo nilimjua akiwa mdogo, akija kwetu kuomba makoko ya wali. Alikuwa akipiga hodi mpaka tunachoka."

Nusra alikua. Alikula muhogo, akala ndizi, akala vya wenzake, akapata mashavu, akapata mikunjo mikononi. Alisimama kwa kushika meza ya seva, akatembea. Asubuhi moja akiwa katikati, kichwa Lunga Lunga na miguu Gazi, tumbo likagoma. Hakulia. Alimwangalia mamake upande huu, akapiga teke upande ule, akaona mchezo ni mzuri, akacheka kwa sauti. Bi Tumu alimpaka mafuta ya nazi kiunoni, akamvuta akarudi Gazi, na ndio ikawa mara ya mwisho kupita kwenye kompyuta ile.

Siku zilizofuata Subira alifanya kazi kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa Gazi, umeshikwa. Nusra aliuvuta, akaupaka uji, akaulalia. Aliyetaka nywila yake ifunguliwe aliombwa angoje mtoto asinzie, na wengi walingoja bila kunung'unika.

Subira aliandika mara nyingine. Aliandika kwa adabu zote: mtoto hapiti tena, anaomba arudi kwao.

Majibu yalikuja kwa pikapu ya ushirika. Lilikuwa boksi refu, na ndani yake kioo kipya cha kompyuta, kipana kuliko mlango wa kabati. Dereva alisema Bwana Ngala amelisimamia mwenyewe suala hili mpaka likapita kwenye bodi, na anaomba boksi lifunguliwe kwa uangalifu.

Subira alilikalia lile boksi akakasirika. Alikasirika kabisa, na machozi juu. Angeletewa kiyoyozi, kingekuwa kidogo kuliko boksi hilo. Mzee Matano alingoja mlangoni mpaka hasira ilipompungua, akamletea kisu cha kukatia kamba. Kioo hakikuwa na kosa lolote. Na mtoto alikuwa anangoja.

Walikifunga mezani. Subira alikiunganisha, akaingia Gazi, akaketi sawa, akajifunga leso yake vizuri kichwani.

"Hodi," alisema.

Bi Tumu alikuwa jikoni. Alisikia akataka kuitika, lakini kuna mtu alimtangulia. Nusra alikuwa amesimama mbele ya runinga, amejishikilia mezani.

"Kaibu," alisema Nusra.

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, na dirisha lote likafunguka. Subira hakumngoja mtoto aje. Aliinama, akapitisha kichwa, akapitisha mabega, akafika kifuani, akafika kiunoni, akamkumbatia mwanawe akiwa Gazi, kwenye joto la Gazi, na harufu ya nazi ikimjaa puani. Alijivuta ili apite kabisa. Nyonga zikakataa.

"Mama, nivute!"

Bi Tumu alimvuta, akachoka, akakaa chini akicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Hizo nyonga umezitoa kwangu, usizilaumu. Zimekuletea mtoto. Kaa hivyo hivyo, nikuletee mto."

Alikaa hivyo hivyo. Aliwekewa mto upande wa Gazi chini ya kifua, na Mzee Matano akamwekea mwingine upande wa Lunga Lunga chini ya tumbo. Ilikuwa starehe kuliko alivyodhani. Kompyuta ndogo waliihamishia Gazi, akawa anafanyia kazi zake zote mezani kwa mamake, Nusra akimpanda mgongoni, na kazi haikulala hata siku moja. Kwa kuwa mikono yake haikuwa tena Lunga Lunga asubuhi, kazi ya kupangusa seva alimkabidhi Mzee Matano, pamoja na kitufe cha kila asubuhi. Alimwelekeza kwa sauti kutoka Gazi: ashike kipanya, atafute kitufe.

"Cha kwanza sicho, mzee wangu. Cha pili ndicho. Nikumbushe Kesho."

"Nimeona," alisema Mzee Matano. "Kesho." Akabonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu.

Mwisho wa mwezi Bwana Ngala alikuja kukagua. Alisukuma mlango akaingia. Aliiona seva, imepanguswa. Akaona kioo kipya, na kutoka kwenye kioo miguu miwili iliyovaa viatu vya ofisi, imenyooka juu ya meza. Kutoka upande wa pili kulisikika kicheko cha mtoto na sauti ya Seifu kwenye kompyuta ndogo, ikiuliza kama wali umebaki.

"Msimamizi yupo kituoni?" aliuliza.

"Yupo, bwana," alisema Mzee Matano.

Bwana Ngala aliitazama miguu, akaridhika. Alisema vifaa vinatumika ipasavyo, akafikiria kupeleka vioo kama hivyo matawi mengine yenye watu walioacha watoto, kisha akaondoka kabla barabara haijajaa malori.

Gazi walikuwa wanakula. Nusra alimega muhogo wa nazi, akautia mdomoni mwa mamake, akautoa, akauonja mwenyewe, akaurudisha, na Subira alicheka mpaka mto ukamtoka. Lunga Lunga, kiyoyozi kilivuma juu ya meza. Mzee Matano aliona viatu vimeanguka na vidole vya miguu vimejikunja kwa baridi. Akaichukua ile leso kuukuu ya kupangusia seva, akaikung'uta vumbi nje ya dirisha, akaja akavifunika.